Albamu ya Nyimbo za Baba Yako

Gull Cove, Nyufaundilandi
Jumatano ya upepo, Machi

Mpwa wangu Philomena,

Pokea salamu nzito za mjomba wako, huko uliko Alberta kwenye visima vya mafuta. U mzima? Wanakulisha? Sisi wazima. Mama yako Loretta anakusalimu, na afya yangu ni ile ile ya kuwatia vijana wivu. Juzi nimevua chewa mkubwa hata mashua ikainama kumwamkia.

Ndani ya bahasha mna sahani ya nyimbo. Usiicheze kwanza. Soma.

Unajua tangu madaktari walipompasua koo, baba yako hajatamka neno. Walisema sauti ipo, ya kukwaruza lakini ipo. Yeye kaona haya. Mtunzi ambaye nyimbo zake zinaimbwa pwani nzima, leo atoe sauti ya bawaba yenye kutu? Ndiyo maana ukipiga simu mama yako hukwambia amelala. Halali, mwanangu. Anakwenda kusimama kwenye kibanda cha kuni mpaka simu ikatwe.

Basi mimi, na usiwasikilize wanaosema lilikuwa wazo la padri, nikasema tumtolee albamu: nyimbo zake, waimbaji sisi. Baba yako akaandika pembeni mwa gazeti kwamba hayo hufanyiwa maiti, tusubiri. Nikamwambia kwa ubishi wake tutasubiri mpaka bahari ikauke. Kutoka nyumbani akakataa, kwa hiyo kazi tukaileta jikoni kwake. Akajilaza kwenye kochi kando ya jiko, uso ukutani.

Fundi wa kurekodi, Desmond, alitoka mjini na maikrofoni zake. Akaanza kuimba Gerald Nash. Alipofika mwisho akaacha kuimba, na maneno ya mwisho akayasema tu, kama ada yetu, kama mtu anayeweka kikombe mezani. Desmond akamwuliza, "Mzee, pumzi imekuishia? Turudie?" Tulicheka mpaka birika likatikisika. Mama yako akamweleza kwamba kwetu wimbo ambao mwisho wake haukusemwa bado haujaisha. Ni kumwacha mgeni mlangoni na theluji inaanguka.

Wenzangu waliimba vizuri, siwanyimi haki yao. Lakini wimbo wa mwisho, ule aliokutungia ulipoondoka, nilipewa mimi, kwa sababu zinazojulikana. Niliimba, Philomena. Upepo ulitulia kusikiliza. Paka alilia. Loretta atakwambia paka alikuwa na njaa. Muulize mbona na yeye alilia.

Nikafika penye "Njoo, mwanangu", yakabaki yale maneno ya mwisho, ya kusemwa tu. Nikanyamaza.

Gerald akaninong'oneza, "Leander, umesahau, we bwege?" Desmond akanyoosha mkono azime mtambo, mama yako akaudaka. Kuni zikawa zinalia jikoni. Baba yako akageuka, akaketi. Huyo anavumilia baridi, anavumilia njaa, ananivumilia hata mimi, lakini wimbo ulioachwa wazi hawezi kuuvumilia, sembuse wa kwake.

"Chai ingali moto," akasema.

Kwa sauti ile ile ya bawaba. Kisha akanitazama: "Na ubeti wa tatu umeuua." Hapo Loretta akakaa sakafuni palepale, aproni usoni.

Siku ya kuizindua albamu, ukumbi wa parokia ulijaa hata wengine wakakaa madirishani. Sahani ilipofika penye ile sauti yake, wote walisimama, na baba yako katikati yao, kofia mkononi, akiwaambia wakae chini, waache upuuzi. Aliwaambia kwa mdomo wake.

Sasa nikuambie lisilojulikana. Pwani yote nimewatangazia kwamba kunyamaza kwangu kulikuwa mtego, na wamenisifu sana. Haukuwa mtego. Niliutazama mgongo wake chini ya lile blanketi la bluu, maneno yakagoma kutoka. Mimi, Leander Careen. Ukimwambia mtu nitakana.

Jumapili baada ya misa piga simu. Toka jana amekaa karibu nayo akijifanya anaitengeneza, na haina ubovu wowote. Amesoma juu ya bega langu mpaka pale pa chewa, akasema nikuandikie hivi: mjomba wako ni mwongo tangu ubatizo, usiamini neno lake hata moja, ila chai kweli ingali moto.

Vaa soksi mbili.

Ni mimi mjomba wako, ambaye sauti yake unaifahamu,
Leander