Diski Nyekundu

Jumatatu, 12 Mei

Nimetoka shule, nimekula sombe iliyobaki, yale majani ya muhogo, nimeosha masahani, nimewasha kompyuta kabla Baba hajarudi. Kama kila siku. Leo imekataa. Vidoa vyeupe vinazunguka. Halafu ukurasa wa buluu unaosema inajirekebisha yenyewe. Halafu giza. Halafu vidoa tena. Nimeizima na kuiwasha mpaka betri ya paneli ya jua ikaanza kulia.

Nyumba nzima ina kompyuta hii moja. Baba ni direkta wa shule ya msingi, anaandikia mitihani. Yaya Justin, kaka yangu mkubwa, huibeba akienda kutafuta maisha Salamabila, kwenye machimbo. Mimi huipata saa za mchana, wakati hakuna mtu. Wanadhani ninafanya devoir, kazi za shule.

Ninaandika kitabu. Mwaka wa pili sasa. Ni cha mwalimu mwanamke wa Kabambare aliyekimbia vita na wanafunzi wake, akabeba kichwani janti, kile chuma cha gurudumu la lori walichokuwa wakikigonga kama kengele ya shule. Faili nimeliita Géographie 2 ili mtu asilifungue. Sina nakala. Flashi yetu inapita mikono ya kila mtu, niliogopa.

Kwa hiyo kitabu chote kimo ndani ya mashine isiyowaka.

Jumanne, 13 Mei

Watu wengine wakiona ukurasa wa buluu wanabonyeza tu. Mimi nimeusoma wote, na kamusi ya Kifaransa pembeni. Kuna njia ya kuirudisha kompyuta ilivyokuwa ikiwa mpya. Inakuuliza kama unataka kufuta kila kitu au kuhifadhi faili zako. Kuhifadhi faili zangu. Nimeisoma mara mbili. Nimebonyeza.

Jibu: faili zinazohitajika hazipo. Chomeka diski ya kurudishia.

Diski gani? Kompyuta hii ilitoka Bukavu mitumba, ikafika Kasongo imefungwa ndani ya gunia. Haikuja na diski yoyote. Dawa ilipaswa kuwa ndani ya tumbo lake yenyewe. Nani ameitoa?

Nimekasirika. Sijui nimkasirikie nani.

Jumatano, 14 Mei

Sasa najua.

Yaya Justin amefika jioni kutoka Salamabila, juu ya pikipiki siku nzima, vumbi mpaka kwenye kope. Sikumngoja hata aoge. Nilimuuliza kama aliwahi kufuta kitu.

"Ile diski D," akasema. "Ilikuwa nyekundu."

"Nyekundu ndiyo kusema nini?"

"Ndiyo kusema imejaa. Mizigo ya bure. Niliitoa, nikatia miziki."

"Iliandikwa RECOVERY, yaya. Ndiyo ile ya kurudishia."

"Sasa miye najua Kiingereza? Mbona unaniangalia kama polisi?"

Salamabila ana meza yake pale pikipiki zinaposimama. Wachimbaji wakipanda kutoka mashimoni wanampa simu, anazijaza nyimbo na filamu. Ameniambia kila mwenye meza hufanya hivyo. Ukipata kompyuta, kitu cha kwanza ni kutafuta diski nyekundu yenye maneno ya wazungu na kuifagia, maana inakula nafasi. Anaieleza kama ujuzi. Yaani kule Salamabila kompyuta zote zimetolewa dawa zake na hakuna hata moja inayojua mpaka siku itakapougua.

Akaenda kuoga akiimba. Nimemchukia kwa muda wa kuoga kwake wote, na alioga sana.

Alhamisi, 15 Mei

Baba amesema Jumamosi anaipeleka kwa Fundi Kalume, karibu na soko. Anahitaji kuandika mitihani ya mwisho wa mwaka. Fundi ameshajibu kwa simu: kuformata. Hajaiona kompyuta. Hajauliza inaumwa wapi. Kwake kila ugonjwa dawa ni hiyo moja, kufuta kila kitu na kuanza upya.

Nilisema polepole kwamba faili zitapotea.

"Faili gani?" Baba akasema. "Mitihani ya mwaka jana iko kwenye makaratasi. Mengine ni makelele ya yaya yako."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo ulifunguka. Mama alikuwa akipepeta mchele, akanitazama, akangoja. Nikasema nakwenda kuchota maji.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani anaitumia kila siku. Hilo linaniuma. Na mimi mwenyewe ninajiuma. Nimemwandikia mwalimu wa kitabu changu asimame mbele ya watu wenye bunduki na kusema, halafu mimi nashindwa mbele ya ungo wa mchele.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeomba simu ya Baba, nikaenda nyuma ya kanisa, pale mtandao unapokamata. Vijana wawili walikuwa pale wanapiga makelele kuhusu mpira. Kurasa zinafunguka nusu nusu. Nimepata maelezo ya mtu fulani, kwa Kifaransa kibaya kuliko changu. Kwenye ule ukurasa wa buluu kuna mlango wa dirisha jeusi la kuandikia amri. Ukiandika humo jina la kile kidaftari cha kompyuta, notepad, kinafunguka. Kisha unajifanya unatafuta faili la kufungua, na kupitia hapo unaziona zote, unazinakili kwenye flashi. Kompyuta imelala, lakini unaingilia dirishani.

Nimeyanakili mkononi kwa kalamu. Mega za mtandao zikaisha.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Baba alikuwa ameshaifunga kompyuta ndani ya kitenge cha Mama. Pikipiki ilikuwa inanguruma nje. Nikasimama mlangoni, nikaziba njia.

"Baba, kuna kitabu changu mule."

"Kitabu cha shule?"

"Hapana. Nimekiandika mimi."

Yaya Justin ndiye aliyecheka. "Kumbe tuko na mwandishi nyumbani. Na miye niko ndani? Uniweke tajiri, tafazali."

Baba hakucheka. Aliniangalia anavyomwangalia mwanafunzi aliyetoa jibu ambalo halikutarajiwa. Akamwambia dereva azime pikipiki.

"Unaweza kukitoa?"

Nikasema naweza. Sikuwa na hakika.

Nikachomeka flashi, nikawasha, dirisha jeusi likafunguka. Nikabonyeza A, ikatokea Q: vitufe vyetu ni vya Kifaransa, dirisha lile linavisoma kwa Kiingereza. Baba, Mama na yaya walikuwa nyuma yangu, na dereva naye ameingia kutazama. Nikafuta, nikabonyeza Q, A ikatokea. Kidaftari kikafunguka. Nikaenda diski C.

Haina kitu. Tupu kabisa.

Nikafikiri, basi, yaya alifagia na hiyo. Machozi yakaanza, mbele ya dereva wa watu. Yaya Justin akainama karibu, safari hii sauti ya chini.

"Angalia zingine, mudogo wangu. Mule ndani herufi zinabadilikaka. Nilionaka hivyo Salamabila."

Diski D, miziki. Diski E. Jina langu. Géographie 2.

Nimenakili hilo kwanza. Halafu mitihani ya Baba. Yaya akaomba na nyimbo zake, nikaanza nazo, betri ikakata katikati. Akashika kichwa. Sikumwonea huruma. Baba akasema inatosha, akachukua kompyuta, akapanda pikipiki.

Jumapili, 18 Mei

Misa. Sikusikia mahubiri. Kila mtu nyumbani sasa anajua. Mama ameuliza kama huyo mwalimu wa kitabu ana watoto. Nikaenda kuosha masahani.

Alhamisi, 22 Mei

Kompyuta imerudi. Safi, tupu, haina hata picha zetu. Fundi Kalume amemwambia Baba kwamba ile diski ya kurudishia hakuirudisha, "hiyo haitumikake kitu, haina kazi." Nimeomba Mungu anipe uvumilivu.

Nimetafuta flashi kwenye msumari wake. Haipo. Baba ameibeba shuleni. Hakuniomba. Ndani yake kuna kurasa zangu zote, na yeye ameiweka mfukoni pamoja na chaki.

Nimemngoja jioni nzima niseme kitu. Amerudi, ameirudisha kwenye msumari, amekula, amekwenda kulala. Yaya Justin amerudi Salamabila bila kompyuta. Alipoaga aliniuliza tena kama kitabuni yeye ni tajiri.

Jumatatu, 26 Mei

Baba amenipa mitihani nisome kabla haijachapwa. Ni kazi yangu kila mwaka, kutafuta makosa. Hesabu, mwaka wa tano. Kifaransa, mwaka wa sita. Kisha Kiswahili, mwaka wa tatu, kusoma na kuelewa.

"Mwalimu alisimama katikati ya mto, maji kifuani, janti kichwani. Watoto walikuwa wamevuka. Walimwita wote pamoja wakamwambia aitupe."

Ni yangu. Aya nzima, bila jina langu, bila kuniuliza. Nilisimama niende kumwambia. Nikakaa. Nikasoma tena nikitafuta alichobadilisha. Baba hubadilisha kila kitu, hata barua za mapadri huzisahihisha. Hapa hakugusa neno.

Chini ameweka maswali. La kwanza ni rahisi, walikuwa wakivuka nini. La pili na la tatu pia. La nne: Kwa nini mwalimu hakuitupa janti?

Ameacha mistari miwili ya jibu.

Nimekaa na karatasi hii tangu chakula. Mama amepita mara kadhaa. Jibu silijui. Nimeandika kitabu kizima kuhusu mwanamke huyu na sikuwahi kumuuliza.

Nimewasha kompyuta. Mistari miwili haitoshi.