Kisanduku Cheusi

Jumatatu, 4 Machi

Kosa la wengi wetu katika kazi hii ya kuandaa vijana kwa ajira ni kudhani kijana aliyezima kamera hasikilizi. Nimefundisha darasani miaka mingi. Anayekukazia macho mara nyingi ndiye aliye mbali.

Lakini mratibu wetu kashika lake. Leo kwenye kikao cha vijana mtandaoni, kila mtu awashe kamera — mfadhili wa mradi anataka kuona nyuso. Nikamwambia, mwanangu, wengine wana sababu zao. "Dakika moja tu, Mwalimu. Tupige picha."

Sindano akawasha. Tunamwita hivyo kwa kuwa haongei, huandika tu, na akiandika anachoma. Kumbe huingia kikaoni akiwa amekaa kwenye ngazi za jengo lao, ndoo na fagio pembeni, watu wanamruka kupita. Mvulana mmoja akauliza, "Dada, hapo unalipa kodi kwa mwezi au kwa ngazi?" Wakacheka. Nami nikatabasamu, kabla sijajizuia.

Kisanduku chake kwenye skrini kikatoweka.

Jumanne, 5 Machi

Sindano amejitoa kwenye kundi letu la simu. Na Ijumaa ana usaili wa mafunzo ya kazi kiwanda cha uchapaji — mtandaoni, uso uonekane. Tumemwandaa tangu mwezi uliopita.

Haturuhusiwi kumwandikia kijana faraghani. Tunatumia namba ya ofisi, mratibu naye akisoma. Sheria nzuri, ina sababu zake. Leo natamani isingekuwepo.

Niliandika aya nne. Mjukuu wangu akachungulia begani: "Bibi, hii si ni barua ya kumfukuza mtu kazi?" Nikafuta. Nikabakiza haya: Nilikosea kutabasamu. Ofisini kuna chumba chenye mlango. Ijumaa ni chako.

Amesoma.

Jumatano, 6 Machi

Situlii. Chai imepoa, nimeipasha, imepoa tena. "Anaandika…" inatokea, inapotea, inatokea. Mume wangu: "Unailinda hiyo simu kama maziwa jikoni."

Mratibu ameifuta ile picha ya Jumatatu.

Jioni, hatimaye: "Nikija, atakuwepo nani?"

Nikajibu: mimi, na mratibu chumba cha pili. Hakuna mwingine.

Nimepanga viti vya sebuleni, nikavipangua.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi kaandika: "Tujaribu kwanza leo saa kumi. Bila sura."

Saa kumi tukafungua kikao ofisini, mimi na mratibu. Kikaingia kisanduku cheusi, bila jina. Nikamsalimu. Nyuma yake nasikia nyayo zinapanda, mlango unabamizwa, mtu anasema pisha. Ni yeye. Yuko palepale kwenye ngazi.

Mratibu ananinong'oneza, "Mwambie awashe, Mwalimu. Kesho watamtaka awashe." Kweli, kesho watamtaka. Nami natamani kumweleza mambo kumi kwa mpigo — mwanga, kola ya shati, pa kuelekeza macho. Kisanduku hakisemi. Hakiondoki pia.

Najiambia: ya kesho baadaye. Leo zima kamera yako wewe kwanza, Bibi, ukae naye.