Gamba la Chatu wa Atupele

Masoko, Tukuyu
12 Juni 1998

Mdogo wangu Atupele,

Ugonile? Sisi tumeamka salama, ila ukungu unalala kwenye migomba mpaka saa nne. Natumaini huko Mbozi wewe na shemeji hamjambo, na kile kikohozi kimekuachia. Lusungu wako amefika likizo vizuri. Anakula ndizi kama fundi ujenzi.

Juzi nilikuwa nawasimulia watoto habari za chatu wetu. Unaukumbuka mwaka ule wa themanini na tisa, ruksa ya biashara imepamba moto, kila mtu anauza kitu? Hashimu wa Bulyaga akapata kibali cha kupeleka nyoka hai Ulaya, akatuletea watoto wawili wa chatu kutoka Kyela, wa mama mmoja, urefu sawasawa. Akasema tuwalee miezi minane, na atakayemkuza wake zaidi ataondoka naye kwenda Dar kutunza nyoka. Wewe uliitaka hiyo Dar kuliko chakula.

Mimi nilikuwa mtegaji, hilo hata maadui hawakatai. Mtego mmoja, panya arobaini, wengine wamepanga foleni nje. Wangu nilimshindilia watatu kwa wiki. Wewe wako ulimpa mmoja kila baada ya siku kumi, na sanduku lake ukaliweka jikoni nyuma ya mafiga. Nilikucheka, nikakuita mama chatu, nikasema unamkausha kama samaki.

Basi nikawaambia watoto kuwa wangu alikua mpaka mbwa wa Masoko wakahama. Nikawaonyesha gamba alilojivua, lile la ukutani kwangu. Wakashangaa vizuri. Ndipo Lusungu akasema mama yake naye alilea chatu, akaenda Lufingo wiki moja kumuuguza bibi, chatu akasusa chakula, akakonda kwa kuachwa. Na kwamba ndiyo maana kwenu hamfugi hata paka.

Tangu siku hiyo chakula hakinishuki.

Atupele, wangu alikuwa anatapika. Baridi yetu hii inamwozeshea nyoka panya tumboni, nami kila alipotapika nilimwongeza. Wako alilala kwenye joto, kila alichomeza kikamjenga, akamzidi wangu mara mbili. Hashimu alikuja kuwapima na kuwachukua wewe uko Lufingo. Nikamwambia mkubwa ni wangu. Uliporudi ulinikuta nafunga mzigo wa Dar, wala hukuiuliza hiyo Dar. Uliuliza kitu kimoja tu, kama chatu wako alikula. Nikakujibu alisusa.

Alikula, mdogo wangu. Alikula siku ya pili tu baada ya wewe kuondoka, akameza mpaka mkia, akalala zake jikoni.

Gamba ni la kwake. Nimelizungushia gazeti, Lusungu atakuletea pamoja na barua hii. Ukutani pamebaki msumari.

Msalimie sana shemeji. Ukiniandikia matusi nitayasoma mwenyewe, tena kwa sauti, watoto wakisikia.

Ni mimi kaka yako, mjomba wa akina Lusungu,
Anyelwisye