Lungo ya Maharagi

Mujukuu wangu Furaha,

Jambo sana. Hapa Kitshanga tuko wazima, mama yako anakusalimia.

Unauliza kama kukaa kimya na kufuata pumzi, vile unajifunza kwa watu wa Buda, kunaweza kusaidia mufiwa. Mimi sikusoma ile. Lakini kaka yangu alipokufa, mama yangu alikaa na lungo ya kupepetea maharagi, anachagua na kutosha majiwe moja moja, kimya. Nilikuwa musichana, nikaona haya mbele ya majirani, sababu mufiwa hafanyake kazi. Nikamunyang'anya ile lungo. Mikono yake ikabaki wazi, vidole vikaendelea kutafuta majiwe yenye hayako.

Siku tulizika baba yako, mutoto wangu, nilikaa na lungo ya maharagi, majirani wakataka kuninyang'anya. Niliikamata kwa nguvu. Nikamuomba mama yangu musamaha moyoni, jiwe kwa jiwe.

Nyanya yako