Aliyetangulia Kuvuka Daraja

Mke wangu Zuhura,

Marahaba, mjukuu wangu. Huku Mkange tu wazima, alhamdulillahi. Bibi yako magoti yamepata nafuu, ila wivu juu yako uko palepale.

Umeniuliza kama roho iliniuma walipolibomoa daraja letu la zamani. Hata kidogo. Lilichoka, acha lipumzike.

Siku ya kulizindua nilikuwa kijana. Mgeni rasmi ameshashika mkasi, mara tukatokea na jeneza la Bi Mwanaidi, mkunga aliyezoea kukivuka kijito kile, maji kiunoni, kwenda kuzalisha ng'ambo. Makaburi nayo yako ng'ambo. Tulipouona utepe, tukasita.

Mgeni akauweka mkasi chini, akaufungua utepe kwa mikono yake, akaja kutupokea jeneza begani.

"Mwenye daraja kafika," akasema taratibu.

Hotuba hazikusomwa tena, na hakuna aliyeziulizia.

Hili jipya ni la zege, pana, malori yatapishana. Limeshakauka, ila mafundi wananiambia nisubiri uzinduzi. Bi Mwanaidi alisubiri, akavushwa. Mimi kesho, inshallah, nalivuka kwa miguu yangu.

Mumeo,
Babu