Kijani Juani, Jekundu Motoni

Moshi mjini, 3 Agosti 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limepunguza maneno. Mimi ni mzima, isipokuwa kikohozi kidogo cha vumbi la karakana. Fundi Anwar anakusalimu sana. Anasema mwalimu aliyenifundisha kusoma ndiye aliyemrahisishia kunifundisha kukata mawe.

Kaka Sylvanus anawaletea jiwe la mama mdogo Margareta. Limekamilika. Unakumbuka lilivyokuwa siku baba mdogo Basili, Mungu amrehemu, alipolileta kutoka Tunduru: kijani cha ukungu, limejaa ukoko. Nililigeuzageuza wiki nzima kabla ya kuliweka kwenye diski ya kusagia. Jiwe hili halina rangi moja kila upande. Ubavu mmoja ni kijani, mwingine unavuta kwenye rangi ya chungwa, na fundi akikosea kuchagua uso, ameliua. Fundi Anwar aliniachia nichague mwenyewe. Miaka minne hajawahi kufanya hivyo.

Kuna siri moja ya jiwe hili nimekuficha makusudi. Litazame vizuri, utaigundua mwenyewe, na utacheka.

Mimi binti yako,
Hilda

---

Mwika, 7 Agosti 2023

Hilda,

Salamu. Sisi ni wazima.

Sikucheka. Sylvanus alifika jioni, umeme umekatika, tukakaa jikoni kwa Margareta moto ukiwaka. Alifungua karatasi mbele yetu sote. Kilichotoka kilikuwa chekundu, kama divai ya misa.

Jiwe la ndugu yangu nimelishika kwa mkono huu. Nililishika siku alipolileta, na nililishika siku tulipokukabidhi wewe pale uani, mchana kweupe. Lilikuwa kijani. Nimefundisha miaka thelathini na minne, Hilda, rangi nazijua.

Margareta alilifunga kwenye kitambaa akaliweka kwenye kopo la rozari. Sylvanus ndiye aliyesema wazi kwamba mjini mawe hubadilishwa. Nilitaka kumkaripia, kisha nikaikumbuka barua yako. Umetuficha kitu, tena makusudi, na unangoja tucheke. Mjane wa ndugu yangu acheke nini?

Rudisha jiwe la kijani. Sitauliza lilikuwa kwa nani.

Baba yako,
Mwalimu Valerian

---

Moshi mjini, 10 Agosti 2023

Baba,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mara zote mbili nilikuwa mwizi. Nimelia. Nakuambia ili ujue, si ili unihurumie.

Siri yenyewe ni hii. Jiwe ni lile lile. Linaitwa aleksandraiti. Juani ni kijani, motoni ni jekundu. Mwanga wa jua una kijani tele, mwanga wa moto una wekundu tele, na jiwe hili linakurudishia kile kilichozidi. Mengine hubadilika nusu nusu, yakaishia kwenye rangi ya matope, hayo hayana soko. La baba mdogo linageuka lote, na ndani ni safi. Ndiyo thamani yake. Nilitaka ulione mwenyewe likigeuka mkononi mwako, ufurahi kama nilivyofurahi mimi. Kosa langu ni hilo tu, la kutaka kukufurahisha.

Litoe nje saa sita mchana. Ningeweza kupanda gari nije nikuonyeshe, lakini siji. Kutoka mlangoni hadi uani hunihitaji mimi.

Binti yako,
Hilda

---

Mwika, 28 Agosti 2023

Hilda,

Salamu. Mvua za manyunyu zimetuganda, kahawa haikauki.

Barua yako niliisoma mbele ya kikao cha ukoo. Mzee Sirili alicheka hadi akakohoa. Anasema ameishi miaka themanini na hajaona jiwe lenye tabia za kinyonga. Sylvanus alinishauri nisitoke uani na kijiwe mkononi kama mtoto wa gololi, na kweli sikutoka. Mwalimu hapewi mtihani na mwanafunzi wake.

Uamuzi wa kikao ni huu. Utakuja na jani la isale ulilolifunga fundo, utampa Margareta mkononi, utaomba msamaha. Unajua desturi yetu: aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Yataishia hapo. Hicho chekundu Sylvanus amekitafutia mnunuzi, dalali wa Himo. Alimpelekea picha aliyopiga jikoni, na yule bwana anasema ni kioo ila atakichukua kwa huruma.

Usiwe mbishi. Watu wanasema, na lisemwalo lipo.

Baba yako

---

Moshi mjini, 1 Septemba 2023

Baba,

Shikamoo. Hiyo nakupa kwa sababu ni haki yako. Samahani sikupi, kwa sababu haki hiyo huna.

Isale hubebwa na mkosaji. Siku nitakayolishika nitakuwa nimekiri, na nikisamehewa nitakuwa mwizi aliyesamehewa hadi kaburini. Sitaki. Kikao kikae hadi kiote mizizi, sitalileta.

Wewe unasema yataishia hapo. Huku hayaishi. Juzi mama mmoja wa Mwika alikuja karakana, akaniona mimi ndiye niliye mezani, akachukua jiwe lake akaondoka bila kuaga. Fundi wa mawe anapewa mali ya mtu bila risiti wala shahidi, Baba. Anapewa kwa jina lake tu. La kwangu mmelichoma wenyewe, na moshi umefika mjini.

Halafu mwambie mama mdogo jambo moja kutoka kwangu: dalali hasafiri kwa ajili ya kioo.

Ulinifundisha kwamba jibu likiwa sahihi nisilifute hata mwalimu akinuna. Basi nuna.

Hilda

---

Mwika, 9 Oktoba 2023

Mwanangu Hilda,

Hujambo? Natumaini kifua kimepona. Sisi hatujambo. Jua limerudi na kahawa imeanza kulia ukiigusa.

Dalali alikuja Jumamosi, saa tano asubuhi. Tulimkaribisha nje, pembeni ya chanja ya kuanikia kahawa. Margareta akaleta kopo, akafungua kitambaa.

Lilikuwa kijani.

Nililichukua nikaingia nalo jikoni, nikainama mafigani. Jekundu. Nikatoka. Kijani. Margareta anasema niliingia na kutoka mara nne, na mara ya nne goti lilinigomea mlangoni, nikabaki nusu ndani nusu nje nikilitazama. Nilipogeuka, dalali alikuwa amesahau habari ya kioo. Alikuwa akitaja bei juu ya bei, na hakuna aliyemwuliza. Margareta alifunga kitambaa chake, akamwambia chai ameshakunywa, sasa njia ni ile.

Basi tumeona. Ulichoandika ndicho. Njoo Krismasi, Margareta atapika mtori, tule, yaishe. Mambo ya familia hayahitaji tarumbeta.

Baba yako,
Valerian

---

Moshi mjini, 15 Oktoba 2023

Baba,

Shikamoo. Nashukuru mmeliona. Mpe pole goti.

Siji Krismasi.

Uliponihukumu kulikuwa na kikao, na barua yangu ilisomwa kwa sauti watu wakacheka. Kuniosha unataka niwe peke yangu na bakuli la mtori. Kwa nini matusi yalikuwa na tarumbeta, na ukweli unapita kwa mlango wa nyuma?

Usinitumie mbuzi wa upatanisho. Usinitumie isale pia, kwa sababu isale halikataliwi, na mimi nataka niweze kukataa. Nataka maneno, yasemwe pale pale yaliposemwa, kwa masikio yale yale. Fundi Anwar ananiambia mzazi hakosei mbele ya mtoto. Nimemjibu kwamba wa kwangu alikosea mbele ya ukoo mzima.

Nakupenda, ndiyo maana bado naandika. Lakini hii ndiyo barua yangu ya mwisho hadi nisikie umesema.

Hilda

---

Mwika, 11 Desemba 2023

Hilda mwanangu,

Habari za siku nyingi? Mimi ni mzima, goti limenizoea.

Barua yako niliikasirikia mwezi mzima. Niliandika majibu matatu, yote ya jeuri. Margareta aliyaomba asome, akayawashia moto, akaniuliza kama ninayo mengine maana kuni zimelowa. Nilimchukia siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa sina tena wa kumchukia ila mwenye kosa.

Jana baada ya misa niliwaomba watu wasitawanyike. Walidhani natangaza harambee. Wale wa kikao walikuwepo wote, na wengine mara tatu yao. Nikasema: "Mwezi wa nane nilimwita binti yangu mwizi. Hakuiba. Nililitazama jiwe mara moja, gizani, nikamhukumu. Aliniomba nilitoe nje tu, hatua kumi, nikakataa kwa sababu mimi ni mwalimu. Aliyekosa ni mimi."

Sylvanus alinivuta koti, akanong'ona inatosha. Nikamwambia sasa ni zamu yake. Alisema, lakini kwa sauti ndogo. Nikamwambia arudie, waliokaa nyuma hawajasikia. Akarudia.

Mzee Sirili akasimama na fimbo yake. Akauliza, "Baba Sylvanus, mtu mzima unajivulia nguo mbele ya kanisa kwa ajili ya msichana?" Nikamjibu kwamba Baba Sylvanus wameniita miaka thelathini na mmoja, kwa mtoto wangu wa kwanza, na nimeitika kila mara. Lakini huyu aliyesimama mbele yao leo siye huyo, na kuanzia leo atakayeniita kwa jina lile sitageuka.

Asubuhi hii muuza maziwa aliniita kutoka barabarani kwa jina la zamani. Niliendelea kupalilia. Akaita tena. Mara ya tatu aliita vizuri, nikamfungulia.

Sikuiti Krismasi. Njia unaijua.

Ni mimi,
Baba Hilda