Goti Jipya na Mgongo wa Mwanangu

Jumatatu, 4 Novemba

Kosa la watu wengi wakishabadilishiwa goti ni mto. Wanauweka chini ya goti, wanashusha pumzi — aah, raha! Raha kweli. Goti lililokunjwa haliumi. Lakini nyama na kano hushika umbo unaloziachia, na baada ya wiki chache una mguu uliopinda kama mundu, na lawama zote ni za daktari. Mto ukae chini ya kisigino. Goti lining'inie, linyooke, liume.

Nimemweleza Ok-bun, mgonjwa mwenzangu wa kitanda cha dirishani. Kwa upole, mara mbili. Akasema, Mwalimu, wewe furahia mateso yako, mimi nimekuja kupona. Akaongeza mto wa pili.

Jumatano, 6 Novemba

Mkwe wangu Se-ra kaleta chupa ya supu ya gegedu za goti la ng'ombe. Ndiye wa tatu kuniletea wiki hii. Busan nzima inaamini kwamba ukinywa goti, goti lako linapona. Nikamweleza: goti langu sasa ni chuma na plastiki, litafanya nini na gegedu? Na huyo ng'ombe alikuwa na magoti yake yote, mbona yuko kwenye supu?

"Mama, kunywa tu, itapoa."

Nikanywa. Ilikuwa tamu, sikatai. Vitunguu vya majani vingi, pilipili manga ya kutosha. Kama dawa, ni upuuzi.

Alhamisi, 7 Novemba

Binti Ra, mtaalamu wa viungo, kanikunja mpaka nikaona nyota. "Lia tu, Bibi, wote humu wanalia." Sikulia. Nilimfafanulia kanuni ya wenzo — paja ni mkono mmoja wa wenzo, muundi ni mkono wa pili. Akasema nikiweza kuongea vile basi bado hajakunja vya kutosha. Huyo namheshimu.

Jumatatu, 11 Novemba

Korido ya hapa ni uwanja wa mashindano. Kila mwana anataka aonekane anavyomtunza mama yake. Wanawasukuma kwa viti vya magurudumu hadi mlango wa choo — wanawake ambao asubuhi, watoto wakiwa kazini, wanakwenda wenyewe! Wakiwaona wana wao wanaanza kuguna na kushika ukuta. Wana wanafurahi. Mama wanafurahi. Misuli ya mapaja inayeyuka kama barafu juani, hiyo haijui adabu wala heshima. Inajua kazi tu.

Ijumaa, 15 Novemba

Mwanangu Gi-hwan kaja na tai, ametoka ofisini. Kaketi ukingoni mwa kitanda, kamenya tunda la persimoni lote bila kula. Nikajua kuna jambo.

Amepata nafasi katika hospitali ya wazee nje ya mji. Nzuri, anasema. Ina bustani. Nikae mpaka baridi iishe.

"Na nyumba yangu?"

"Mama, nyumba yako iko juu ya ngazi. Gari halifiki. Hata muuza gesi akipandisha mtungi anaapa harudi tena."

"Anarudi kila mwezi."

"Mama..."

Mpaka baridi iishe! Mama Dong-su, jirani yangu mwenye duka kwenye ngazi, dada yake aliingizwa kwa baridi moja tu. Chemchemi ilipokuja nyumba ilikuwa na wapangaji. Aliyerudi mtaani ni picha yake ya msiba, imefungwa utepe mweusi.

Nikamwambia: siku ya kutoka tunakwenda kwanza kwenye ngazi zangu. Nikifika mlangoni kwa miguu yangu mwenyewe, unaghairi. Nikishindwa, nipeleke kwenye bustani yako.

Kacheka. Ok-bun akadakia kutoka dirishani: "Kubali, baba! Anaongea tu huyo!" Kakubali.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimekunja. Nimenyoosha. Nimekunja. Ok-bun anauliza kama najiandaa kwa mtihani. Ndiyo.

Jumatano, 20 Novemba

Barafu. Uvimbe. Kunyoosha. Mguu wa Ok-bun haunyooki, wanamrudisha tena kwa daktari. Nilitaka kumkumbusha ule mto. Nikamuona anafuta macho kwa foronya.

Ijumaa, 22 Novemba

Naandika nikiwa kwenye benchi la duka la Mama Dong-su, katikati ya ngazi. Kidogo zaidi ya katikati.

Tulipofika chini, kabla sijaweka mkongojo sawa, Gi-hwan alikuwa amechuchumaa mbele yangu, mgongo kwangu, mikono nyuma. "Mama, panda." Kwa sauti ya kusikika. Madirisha yakafunguka. Mzee wa viatu akaacha nyundo. Mama Dong-su akapaza sauti kutoka huku juu: "Panda, Mama Gi-hwan! Mwana kama huyo wengine tunamuota tu!" Wakapiga makofi. Mwanangu akainua uso kidogo, apigwe na mwanga vizuri.

Miaka mingapi nimepandisha gunia la mchele peke yangu! Mgongo huo ulikuwa wapi? Na nikibebwa nimeshindwa, ndivyo tulivyopatana. Anayebebwa kupanda, atabebwa kushuka.

Nikasema, "Inuka, utaumia kiuno."

Makofi yakakatika. Gi-hwan akasimama, masikio mekundu. "Unaniaibisha mbele za watu, Mama."

"Basi tangulia, wasikuone."

Nikapanda. Goti limevimba kama boga, suruali inabana. Hapa nikaketi. Gi-hwan alishuka kuongea na dereva wa ile hospitali ya wazee, maana gari lipo, limewashwa. Nikamsikia: ngoja kidogo tu, atakubali. Atakubali!

Sasa amerudi. Amepanda mbio, anahema, ana miaka hamsini na mbili. Wanaotazama wamekwisha, baridi imewarudisha ndani, Mama Dong-su yumo dukani. Tai ameifungua. Amechuchumaa tena mbele yangu. Safari hii kwa sauti ndogo, kama mtu anayeongea na ukuta: "Mama, hakuna anayeona. Panda tu. Nitasema ulifika mwenyewe. Gari nitalirudisha."

Nimeingiza daftari mkobani, naendelea kuandika. Mgongo wake mpana, shati limelowa. Anadhani natafuta dawa kwenye mkoba.

Lakini goti haliwezi kudanganywa, na kesho atakuwa ofisini, na ngazi zitakuwa hapa.

Kupanda, mguu mzima hutangulia. Wenye goti jipya hufuata pamoja na mkongojo.

Mwambie Gi-hwan ashike mkoba. Inuka, panda kwa miguu yako.